Dadu la Mti na Zimwi la Daraja

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mke mmoja, ndugu watano, mbwa sita, na daktari aliyeniambia nikiwa na hamsini kwamba nisipoacha tumbaku sitaiona sitini. Tumbaku niliiacha siku ya mazishi yake, kwa heshima. Maseremala wote nilioanza nao kazi wamekwisha, na viti vyao vimekwisha. Vya kwangu bado vinakaliwa.

Daftari hili kanipa mjukuu wangu. Kasema, "Babu, andika kila siku hata mstari mmoja, macho yazoee herufi." Nilimwambia macho yangu yana shughuli nyingine. Akaliweka mezani akaondoka. Mkaidi huyu binti, sijui kaitoa wapi tabia hiyo.

Jumanne, tarehe 5

Mvua bado haijaanza. Nimeandika.

Jumamosi, tarehe 9

Leo nitaandika mengi maana leo nilikuwa mkubwa.

Mjukuu na wenzake wanatengeneza mchezo wa kusikiliza, watu wanaufungua kwenye simu. Unaitwa Mfuniko wa Birika la Uzima. Mashujaa wamekwisha kulipata birika lenyewe, ukinywa humo hufi, lakini halina mfuniko, kwa hiyo uzima unapoa kabla haujafika mdomoni. Basi wanazunguka dunia nzima wanatafuta mfuniko. Ni upuuzi, na watu wanaupenda.

Tunarekodi kila Jumamosi mchana kwenye stoo ya nyumba yetu, tumetundika magodoro ukutani ili sauti isirudi. Mjukuu ndiye Mwamuzi. Anasimulia, "Mmefika mlangoni, ndani kuna kitu kinanguruma, mnafanya nini?" Kila mtu anasema atakachofanya, kisha anatupa dadu. Dadu lina pande ishirini. Likitoka ishirini umefanikiwa kuliko ulivyostahili. Likitoka moja umeumia. Moja ya kwanza unapoteza kitu, moja ya pili unapoteza uhai, na mwigizaji wako anakwenda kukaa nje na wasikilizaji. Sheria ya chumba kile ni kwamba dadu likishatupwa halirudiwi, halibembelezwi wala halilaumiwi.

Tupo watano. Fundi Waya, anayetengeneza redio na spika, anashughulika na mashine na ndiye sauti ya Shujaa, kifua mbele, moyo wa kuku. Mwalimu wa hesabu ndiye Mchawi, hawezi kutoa uchawi bila kupiga hesabu kwanza, akimaliza adui ameshakula chakula cha mchana. Muuguzi ndiye Mwizi, mwizi mwadilifu, kila akiiba anaacha barua ya kuomba radhi. Na mimi ndiye Zimwi la Daraja. Sitozi kitu. Ninachotaka ni kusalimiwa.

"Nani anapita juu ya kichwa changu bila kusalimu?" Nilipoitoa hiyo, Fundi Waya alirukia vile visikilizio vyake akavitoa masikioni.

"Tusamehe, tuna haraka, tunaokoa dunia," akasema Shujaa.

"Dunia itasubiri. Salimu."

"Shikamoo, Zimwi."

"Marahaba. Huko mtokako hawajambo? Na mifugo? Na yule jirani mliyemsema vibaya njiani, hajambo?"

Tukasalimiana dakika nne nzima, hadi majambazi waliokuwa wakiwafukuza wakafika, nao ikabidi wapange foleni wasalimu. Mjukuu alijiziba mdomo kwa kitambaa asicheke.

Kisha nikatupa dadu kuona kama daraja litawahimili wote. Likatoka moja.

"Moja," akasema Mwalimu, akaandika. Yeye huandika kila namba inayotoka, toka kipindi cha kwanza, kwa raha zake tu.

Daraja likaanguka. Zimwi sasa anatembea na mashujaa, amebeba ubao mmoja begani, maana mlinzi haachi daraja lake. Nimebakiwa na uhai mmoja.

Nimewaambia dadu lao la plastiki linalia kwenye kipaza sauti kama jino bovu. Nitawachongea la mti. Mwalimu akauliza, "Mzee, pande ishirini zilizo sawasawa, kwa mkono?" Nikamwambia mimi nimechonga ngazi za mzunguko kwa msumeno uliopinda. Akarudi kwenye namba zake.

Alhamisi, tarehe 14

Kwa kinyozi. Kijana mmoja alikuwa na povu shavuni. Mwenzake alipoingia, akamwambia, kwa sauti ya chini kama yangu, "Nani anapita juu ya kichwa changu bila kusalimu?" Duka zima likaitikia shikamoo. Hakuna aliyejua ni mimi niliyekaa pale chini ya kioo. Sikusema. Nililipa nikatoka, nikacheka hadi kona.

Toka nilipofunga karakana, mkono ulipoanza kutetemeka, nyumbani watu huongea juu ya kichwa changu kama ninavyoongea mimi juu ya kichwa cha meza. Mkamwana wangu huuliza, "Mzee amekula?" nami nimekaa mbele yake. Sasa duka zima linanisalimu.

Jumamosi, tarehe 16

Kipindi cha tatu. Kati ya neno "kichwa" na neno "changu" sauti ilikatika. Ilitoka pumzi tupu. Nikasema ni vumbi la magodoro, tukarudia.

Muuguzi alinitazama shingo. "Babu, sauti imekwaruza hivyo toka lini?"

"Toka nimekuwa zimwi. Ulitaka niimbe kama chiriku?"

Hakucheka. Toka sikukuu ya mwaka mpya, lakini hilo sikumwambia.

Jumanne, tarehe 19

Nilimwambia mkamwana nakwenda kutafuta bawaba. Nikaenda hospitali peke yangu.

Daktari ni mwanamke mdogo, angeweza kuwa kitukuu changu kama tungeharakisha. Alinipitisha puani mrija mwembamba kama waya wa breki ya baiskeli, akaniambia niseme iii. Nikasema iii. Akatazama kioo chake kwa muda mrefu, muda wa kupiga randa ubao mzima.

"Mzee, kuna kiuvimbe kwenye nyuzi za sauti. Inabidi tukitoe, tukipime tujue ni nini."

"Na sauti?"

"Utakaa kimya wiki tatu, hata kunong'ona marufuku. Baada ya hapo utakuwa na sauti. Kwamba itakuwa hii hii, siwezi kukuahidi."

Nikamwambia nina kazi hadi mwisho wa mvua. Akauliza kazi gani. Nikasema mimi ni zimwi. Akaandika karatasi, akapiga mstari chini ya neno moja. Neno hilo nalijua kulisoma, niliandikiwa kwenye oda za wateja maisha yangu yote. HARAKA.

Karatasi nimeikunja, nimeiweka chini ya patasi.

Jumatano, tarehe 20

Mvua imeanza.

Ijumaa, tarehe 22

Dadu limekwisha. Siku kumi na tatu. Ni kubwa kama chungwa, mti mgumu wa mguu wa kitanda cha marehemu mke wangu, namba nimezichoma kwa msumari wa moto. Nililitupa mara mia sakafuni na halikupendelea upande wowote. Hakuna mtu hai anayeweza kazi hii. Wafu pia wawili tu.

Hapo ningelala ningekuwa mtu mwema.

Lakini nilikaa nalo mkononi nikawaza. Sauti hii nimebakiwa nayo wiki chache. Na Zimwi kabakiza moja tu afe. Kwamba Zimwi afe kabla ya sauti yangu, kwa kosa la mti niliouchonga mwenyewe? Nikachukua kekee. Nikatoboa upande wa moja, nikatia kipande cha risasi ya kulehemu, nikaziba kwa kizibo cha mti, nikapiga msasa, nikachoma namba upya juu yake. Upande wa moja sasa mzito, unapenda kulala chini. Na upande ulio mkabala na moja ni ishirini.

Kizibo nilikitoa kwenye sanduku la mbao laini. Mti mgumu sikuwa nao tena, isipokuwa ule ninaoulalia. Najua nilichofanya. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempiga kofi.

Jumamosi, tarehe 23

Dadu limelia vizuri mno, kama kwato za ng'ombe kwenye ubao. Wote wamelishangilia. Fundi Waya analihifadhi kwenye kisanduku chake cha nyaya, ndani ya soksi, kama yai.

Nilitupa mara nne. Ishirini mara mbili.

Tulirekodi vipande vipande. Mvua ikianza kwenye bati Fundi Waya anainua mkono, tunanyamaza, tunatazamana kama watu waliofungwa pamoja. Mwalimu anachungulia dirishani anasema dakika ngapi zimebaki. Hajawahi kupatia.

Jumatatu, tarehe 25

Mvua. Koo.

Jumamosi, tarehe 30

Kipindi cha tano. Sikufikiria jambo moja la kijinga kabisa. Dadu si langu peke yangu. Wote wanalitupa. Shujaa kapata ishirini, akamchinja joka bila kukusudia, alikuwa anajikuna. Mwizi kapata ishirini, kaiba mnara. Mchawi kapata ishirini, hesabu imetoka sawa kwa mara ya kwanza, hata yeye akaogopa.

Wanacheka. Mimi nacheka kuliko wote.

Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa nne

Ishirini, ishirini, kumi na nne, ishirini. Mjukuu kaanza kukunja uso. Andiko lake linahitaji mtu ateleze na hakuna anayeteleza.

Sauti imekatika mara tatu. Nimewaambia Zimwi ana mafua ya msimu. Wameyaingiza kwenye hadithi, Zimwi sasa anapiga chafya na misitu inaanguka. Muuguzi peke yake hakuandika kitu, anazungusha kalamu ananitazama.

Jumatano, tarehe 10

Hospitali walimpigia mkamwana simu kuuliza kwa nini sijafika. Bahati, nilikuwa karibu. Nikaichukua nikasema wamekosea namba. Binti wa simu akasema, "Sauti yako ndiyo hiyo inayotajwa hapa, mzee."

Nikakata.

Jumamosi, tarehe 13

Kabla ya kurekodi nililipokea dadu nikalipapasa. Upande wa moja una kichomozi. Unyevu umekiingia kile kizibo, kimevimba. Ukipitisha kidole gumba unakihisi, kidogo, kama punje ya mtama. Nikalishika hivyo kutwa, gumba juu ya punje.

Na nikimeza mate naihisi ile nyingine.

Alhamisi, tarehe 18

Kwa kinyozi. Kijana yule yule. Kinyozi kamuuliza mbona siku hizi hafungulii mchezo wake. Kijana kasema, "Umepoteza utamu. Wanashinda kila kitu. Zamani nilikuwa naogopa kabla ya dadu, sasa najua tu ni ishirini. Kama mtu anasoma risala."

"Na yule zimwi?"

"Zimwi mwenyewe kapoa. Kama birika."

Nilitoka na nywele nusu. Nilisema nimekumbuka jiko.

Jumamosi, tarehe 20

Mvua toka asubuhi hadi jioni. Hatukurekodi. Tulikaa stoo, kila mtu na kikombe chake. Mwalimu alikuwa akijumlisha kitu.

Jumamosi, tarehe 27

Siku mbaya. Nitaiandika yote ingawa mkono hautaki.

Tulikuwa tumeanza kipindi cha nane. Mwalimu akasema, "Kabla hatujaendelea." Akafungua daftari lake. "Toka dadu la mti liingie, tumelitupa mara mia moja na kumi na mbili. Ishirini imetoka mara arobaini na moja. Inatakiwa mara tano, sita, tukibahatika nane. Moja haijatoka hata mara moja. Dadu hili limechezewa."

Nikafoka. "Kazi yangu haina kasoro!" Ilitoka kama mlango wa kabati.

"Sijasema kazi yako, mzee. Wewe umelileta tukalijaribu hapa hapa, wote tukalisifu. Nauliza linakaa wapi wiki nzima." Akamtazama Fundi Waya. "Kwenye kisanduku cha nani, chenye kekee na risasi ya kulehemu?"

Fundi Waya alidhani ni utani. Alitutazama mmoja mmoja akisubiri tucheke. "Mwalimu, mimi nifanye hivyo ili iweje? Shujaa wangu ni mwoga, anachekesha akishindwa! Nimekosa kushindwa toka mwezi uliopita!"

"Sijui iweje. Najua hesabu."

"Na wewe dada," Fundi Waya akamgeukia mjukuu, "unaniona hivyo?"

Mjukuu hakusema ndiyo. Alichelewa tu kusema hapana, na kuchelewa huko kukatosha. Fundi Waya akaanza kuchomoa nyaya, moja moja, akizikunja vizuri kama kawaida yake, hilo ndilo lililoniuma. Akaondoka na mashine yake yote mvuani, kaifunika kwa koti lake, yeye kalowa. Dadu akaliacha juu ya kiti.

Nami nilikuwa nimekaa pale. Mwanamume mzima, miaka sabini na tisa. Nilikuwa na neno moja la kusema na sauti ya kulisema nilikuwa nayo bado.

Jumapili, tarehe 28

Mvua.

Jumatatu, tarehe 29

Mvua. Mkamwana anauliza kama nimekula. Nimekaa mbele yake.

Jumanne, tarehe 30

Mjukuu kasema msimu umekufa. Kasema kwa upole, anaosha vikombe. Nilikwenda karakana nikakaa na dadu. Nimemuua Zimwi mwenyewe, na wenzake wote, na hakuna aliyetupa moja.

Jumatano, tarehe 1 mwezi wa tano

Nimekwenda kwa Fundi Waya. Kibanda chake kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Hakuinuka. Alisema, "Shikamoo," kwa sababu amelelewa.

"Marahaba. Nimekuja..." Sauti ikafa hapo hapo. Nikajaribu tena. Upepo. Nikachukua bisibisi yake mezani, nikatoa dadu mfukoni, nikachokonoa kizibo. Kilikuwa kimevimba kikatoka kwa urahisi kama jipu. Risasi ikadondoka mezani kati yetu.

Aliitazama. Akaitazama mikono yangu.

"Babu," akasema. "Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukanyamaza? Nikaondoka vile na wewe umekaa?"

Ndiyo.

Aliuma midomo. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda. Badala yake akaushika mkono wangu, sijui ni kuutikisa au kuuzuia usitetemeke. "Mbona husemi kitu? Sema basi, angalau unitukane!"

Nikaonyesha koo.

Akakaa, akasema, "Sasa ndiyo maana kile kipindi cha sita nilikuongezea sauti hadi mashine ikalia. Nikadhani ni kipaza sauti kinakufa."

Jumamosi, tarehe 4

Nilimwomba Fundi Waya asiseme. Risasi nikairudisha ndani, nikaziba. Mtu aonyeshe kosa lake mwenyewe.

Mjukuu aliwaita wote kwa maneno yangu, niliyoyaandika kwenye karatasi ya daftari hili: NJOONI STOO SAA NANE. BABU. Alisema hiyo ndiyo barua yangu ya kwanza maishani. Si kweli, niliwahi kuandika nyingine, nikakosea anuani.

Niliweka beseni la maji juu ya kiti. Nikaliweka dadu majini. Mti mgumu ule huelea, lakini chupuchupu. Likajigeuza taratibu, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia, likatulia. Ishirini juu. Nikalizamisha kwa kidole upande mwingine. Likajigeuza. Ishirini. Mara ya tatu nilimpa Mwalimu azamishe mwenyewe. Ishirini.

"Kuna kitu upande wa moja," akasema Mwalimu. Halafu akaelewa ni nani aliyeleta beseni. Akavua miwani.

Nilisema, kwa kile kilichobaki, "Ni mimi. Yule hana kosa." Nikamwonyesha Fundi Waya kwa mkono mzima, siyo kidole.

Mjukuu hakunitazama. Alitazama maji. "Kwa nini, Babu?"

Nikatoa ile karatasi ya chini ya patasi. Muuguzi aliidaka kabla yake, akaisoma mara moja, akafumba macho. "Hii ni ya tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu! Babu, hapa wamepiga mstari!"

"Nimeuona. Kusoma najua."

Basi ndipo mjukuu alipolia, na kulia kwake ni kama kwa bibi yake, kunaanza na hasira. "Ungeniambia, ningekuandikia zimwi bubu! Ningekuandikia zimwi wa kupiga chafya tu! Umechezea dadu langu kwa sababu ulidhani nitakuweka nje?"

"Kila mtu huwekwa nje," nikasema. Au nilidhani nimesema. Hawakusikia, sauti ilikuwa imekwisha kwa siku hiyo.

Mwalimu alimwendea Fundi Waya akamwomba radhi mbele yetu wote. Fundi Waya akasema, "Kokotoa kwanza umekosea mara ngapi." Mvua ikapiga bati, hakuna aliyeinua mkono.

Muuguzi kapiga simu hospitali mwenyewe. Upasuaji ni tarehe kumi na nne.

Alhamisi, tarehe 9

Siogopi.

Ijumaa, tarehe 10

Naogopa.

Jumamosi, tarehe 11

Kipindi cha tisa. Nimeitoa risasi, nimeziba tundu kwa mti ule ule mgumu, mguu wa pili wa kitanda. Sasa nalala chini. Mwalimu kalitupa mara mia mbili, kasema halina neno.

Zimwi alikutana na Mkesha Mfuniko, kibibi kinacholinda mfuniko kwa miaka elfu na kinageuza watu kuwa vitu. Mjukuu aliuliza, "Zimwi, unafanya nini?" Ningeweza kukimbia. Nikasema, na ilitoka kwaruza tupu lakini ilitoka, "Nasimama mbele ya wenzangu."

"Tupa dadu."

Hakuna mtu aliyevuta pumzi, hata bati. Nililitupa. Lilipita meza yote, likagonga kikombe cha Muuguzi, likarudi.

Mbili.

Nilimsikia Mwalimu akiandika. Mjukuu alilitazama dadu kwa muda, halafu akanitazama mimi, siyo kama Mwamuzi. Kisha akarudi kuwa Mwamuzi.

"Mbili si moja," akasema. "Moja ni kifo. Mbili ni kwamba unaishi, ila si kwa namna uliyotaka. Mkesha anainua mkono. Ule ubao wa daraja begani mwa Zimwi unakua, unamfunika, unaota bawaba na kitasa. Zimwi amekuwa mlango."

Shujaa akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa tutamsalimu wapi?"

Fundi Waya alishindwa kuzima mashine kwa kucheka. Mimi pia. Kilikuwa kicheko cha mwisho cha sauti ile na hakikuwa na sauti.

Jumatatu, tarehe 13

Kesho. Mkamwana kaja kukaa kwenye godoro langu sakafuni, kauliza, "Baba, umekula?" Mimi, siyo ukuta. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Ijumaa, tarehe 17

Wamekata. Kimeingia kwenye kichupa kimekwenda kupimwa. Ni kidogo kama punje ya mtama, nilijua. Sisemi hadi tarehe nne mwezi ujao. Daftari hili sasa ndilo mdomo wangu. Mkamwana anasema mdomo huu una herufi kubwa mno.

Jumamosi, tarehe 25

Nimepeleka stoo mlango wa kabati langu la kwanza, wa mwaka niliooa. Bawaba zake nimezitia kutu kwa maji ya chumvi siku nne. Ukiusukuma polepole unauliza. Ukiuvuta ghafla unakataa. Tukarekodi nusu ya kipindi cha kumi. Mlio mmoja ndiyo, miwili hapana. Mashujaa wamefika kwenye mlango huo na mfuniko uko nyuma yake, na Mkesha amewasahaulisha mlango ni nani.

Mjukuu kasema nusu ya pili itangoja. Nikamwandikia isingoje. Akaandika chini yake, badala ya kusema: ITANGOJA.

Jumanne, tarehe 28

Majibu ya kichupa. Si kile walichokiogopa. Daktari kasema ningekaa miezi mingine hivyo, kingekuwa. Nimemwandikia kwamba mimi nimezika daktari. Kasema atajitahidi asiwe wa pili.

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa sita

Leo ningeweza kusema. Sijasema. Nikisema nitajua.

Jumamosi, tarehe 8

Mvua imekwisha. Bati kavu. Tulikuwa wote watano, na mkamwana kasimama mlangoni mwa stoo na mikono ya unga.

Mjukuu alinisogezea dadu ili tuone kama mlango utapata sauti. Nikaandika: HII SI YA DADU, NI YA DAKTARI. Akalirudisha ndani ya soksi.

Shujaa akafika mbio, "Tuna haraka, tunaokoa dunia," akausukuma mlango kwa bega. Niliuvuta. Ukakataa. Akasukuma tena. Nikaweka mdomo kwenye kipaza sauti. Mkono wangu ulikuwa juu ya ule mti wa kabati.

"Nani anapita... bila kusalimu?"

Haikuwa ile. Ile haitarudi, niliijua mara moja, kama unavyojua kwa mlio ubao uliopasuka ndani. Hii ni nyembamba, ina mchanga, ni sauti ya mzee. Duka la kinyozi halitaitambua. Nilingoja mtu ainue mkono turudie.

Haukuinuka mkono. Fundi Waya alivua vile visikilizio, akaviweka mezani. Hakuongea kwa sauti ya Shujaa, aliongea kwa yake.

"Shikamoo, Babu."

Wakafuata, Mwalimu, Muuguzi, mjukuu wangu, na mkamwana huko nyuma ambaye hayumo hata kwenye mchezo. Nikawaitikia mmoja mmoja, kila mmoja marahaba yake, nikawauliza huko watokako. Tukachukua dakika saba. Kisha nikaufungua mlango.

Asiyeamini haya, wapo wa kuulizwa. Mwalimu anazo namba zote, pamoja na ile mbili. Fundi Waya amekataa kunirudishia risasi, ipo kwenye dirisha la kibanda chake. Daktari ana kichupa. Mjukuu wangu ni Mwamuzi na hasemi uongo, nimejaribu kumfundisha nikashindwa. Na wote hao wakiwa hawapo, maana nimeshaishi kuliko wengi, uulizeni mlango wa kabati. Usukumeni polepole. Utawajibu mara moja tu.